Uyoga wa dawa kwa mgonjwa wa baridi yabisi: unapandisha kinga au unatuliza mchochota?

Kifunguamimba:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa tisa tangu agundulike kuwa na baridi yabisi. Anatumia methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, na kila siku humeza aspirini ya kiwango kidogo kwa ajili ya moyo. Vidole na magoti vimetulia kiasi, ingawa asubuhi bado humchukua muda kabla ya kuweza kukunja ngumi.

Hivi karibuni rafiki yake alimletea kopo la vidonge vyenye unga wa aina tatu za uyoga, yaani reishi, chaga na kodisepsi. Lebo inatoa ahadi mbili, moja chini ya nyingine: kwamba vidonge hivyo huongeza nguvu ya kinga ya mwili, na kwamba huondoa mchochota. Hapo ndipo nilipokwama. Kwa jinsi daktari wake alivyotueleza, baridi yabisi ni kinga iliyomgeukia mwenyewe na kuvamia viungo vyake, na methotreksati kazi yake ni kuipunguza makali. Sasa mtu ambaye shida yake ni kinga iliyochachamaa anaongezewa nguvu ya kinga ili iweje? Na kitu kimoja kinawezaje kuichochea na kuituliza kwa wakati mmoja?

Mama hunijibu kwa kifupi tu: "Mwanangu, huu ni uyoga. Ni chakula." Sina hoja ya kumrudishia. Naomba wenye elimu wanisaidie: upo ushahidi uliopatikana kwa binadamu, si kwa panya wala kwenye vyombo vya maabara, kwamba uyoga wa aina hii unasaidia? Na je, unaweza kugongana na dawa anazotumia?

Mfamasia Mstaafu:

Kifunguamimba, mfikishie mama salamu zangu, na hongera kwa kuisoma lebo hadi mwisho, kwa maana wengi huishia kwenye picha.

Niruhusu nianze na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "uvimbe" tukimaanisha mambo mawili yaliyo mbali kabisa: nyama iliyoota mahali isipotakiwa, na sehemu ya mwili iliyovimba, ikawa nyekundu, ikapata joto na kuuma kwa sababu kinga inapigana pale. Hili la pili ndilo mchochota. Ninalitaja kwa sababu tafiti zinazojulikana zaidi kuhusu uyoga wa dawa zilifanywa kwa wagonjwa wenye uvimbe wa aina ya kwanza, yaani saratani, na sasa sifa zake zinauzwa kwa watu wenye shida ya aina ya pili.

Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake nchini Japani walitangaza kwamba sukari changamano waliyoitoa kwenye uyoga wa shiitake, ambayo tunaijua kwa jina la lentinani, ilizuia ukuaji wa saratani iliyopandikizwa kwa panya. Dawa hiyo iliidhinishwa nchini humo mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, ikitolewa kwa sindano pamoja na dawa za kuua seli za saratani. Kabla yake, mwaka 1977, Japani ilikwisha kuidhinisha krestini, ambayo hutolewa kwenye uyoga mwembamba wenye mistari ya rangi mbalimbali uitwao kitaalamu Trametes versicolor, na hii humezwa. Utafiti wake unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1994 na ulihusu wagonjwa 262 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo: baada ya miaka mitano, waliopata krestini pamoja na dawa za saratani asilimia 73 walikuwa hai, na waliopata dawa za saratani peke yake ni asilimia 60. Tofauti hiyo si ndogo, na sipendi kuidharau.

Hata hivyo, tazama kilichopimwa. Ni kiambato kimoja kilichosafishwa, kwa kipimo kinachojulikana, chini ya uangalizi wa hospitali, kwa mgonjwa ambaye madaktari walitaka kinga yake iamke. Mama yako yuko upande wa pili wa mto. Kwake yeye madaktari wamehangaika miaka tisa kutafuta namna ya kuifanya kinga hiyo hiyo isinzie kidogo.

Kuhusu baridi yabisi yenyewe, upo utafiti mmoja ninaoufahamu vizuri, uliofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 65 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado unasumbua licha ya dawa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa reishi iliyochanganywa na mitishamba ya jadi ya Kichina, lingine likapewa vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani yake, na kwa wiki 24 si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Waliofikia kiwango cha nafuu kilichowekwa walikuwa asilimia 15 hivi katika kundi la reishi na asilimia 9 hivi katika kundi lingine, tofauti ambayo kwa idadi ile ya watu inaweza kuwa ya bahati tu. Waliotumia reishi walieleza kwamba maumivu yamepungua, lakini kemikali za mchochota zilizopimwa kwenye damu yao hazikubadilika kwa kiasi cha maana. Jibu langu kwa swali lako la kwanza basi ni kwamba ushahidi kwa binadamu upo, ni mdogo, na kwa ugonjwa wa mama haujaonyesha kwamba mchochota unatulia.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Methotreksati ina sehemu mbili za mwili inazozitegemea na kuzichosha: huweza kuumiza ini, na hutolewa mwilini kupitia figo. Ndiyo maana mama hupimwa damu mara kwa mara. Sasa angalia kilichomo kwenye kopo. Kuhusu unga wa reishi, zimewahi kuandikwa taarifa za wagonjwa walioumia ini baada ya kuutumia, mmoja wao akafariki dunia. Chaga ina oksalati nyingi mno, chumvi ambayo ikizidi hujenga fuwele ndani ya figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walieleza habari za mwanamke wa miaka 72 aliyekuwa akitumia vijiko vya chai vinne hadi vitano vya unga wa chaga kwa siku, kwa muda wa miezi sita, mpaka figo zake zikashindwa kazi. Kipimo chake kilikuwa kikubwa kuliko cha vidonge vya mama, na matukio ya namna hii ni machache. Lakini figo zikidhoofika hata kidogo, methotreksati hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na hapo ndipo huwa sumu. Kwa hiyo kopo hilo linagusa ini kwa mkono mmoja na figo kwa mkono mwingine, kwa mtu ambaye ndizo sehemu mbili asizopaswa kuzichezea. Ongeza aspirini: reishi hushukiwa kupunguza uwezo wa damu kuganda, na aspirini nayo hufanya hivyo hivyo.

Ningekuwa dirishani pale nilipozoea kukaa, nisingemwambia mama kwamba uyoga ni sumu. Ningemwomba aniachie kopo mpaka daktari wake alione.

Darubini:

Mzee wetu Mfamasia amelimaliza suala la usalama. Mimi nimefanya kazi ya maabara ya kinga kwa miaka kadhaa, hivyo nitajibu lile swali la tatu ambalo naona limerukwa: kitu kimoja kinawezaje kuichochea kinga na kuituliza?

Kosa limejificha kwenye msemo "kuongeza kinga". Msemo huo unatufanya tuione kinga kama maji ya pipa, yakipungua tunaongeza. Kinga ni mkusanyiko wa seli za aina nyingi ambazo baadhi zinashambulia, baadhi zinatoa taarifa, na baadhi kazi yao ni kuwazuia wenzao wasipitilize. Ukichochea kundi moja, lingine linaweza kunyamaza. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema kinga yako ni asilimia ngapi, na kwa sababu hiyo mtu anayedai bidhaa yake "imeongeza kinga" anapaswa kuulizwa: seli zipi, zimefanya nini, na kwa faida ya nani?

Tuje kwenye uyoga. Ukuta wa seli zake, kama ulivyo wa kuvu wengine, umejengwa kwa kiasi kikubwa kwa sukari changamano iitwayo beta-glukani. Mwili wa binadamu hautengenezi kitu hicho kabisa, kwa hiyo kinapoonekana, kinga hukichukulia kuwa ni alama ya mgeni. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon wa Oxford walionyesha kwamba seli zetu zina kipokezi maalumu kinachoitambua alama hiyo, kiitwacho dektini-1. Kipo hasa juu ya makrofaji, seli kubwa zinazomeza wavamizi. Kipokezi hicho kikishikwa, seli huamka na kuanza kumwaga kemikali za kuitana, mojawapo ikiwa TNF. Na hapa ndugu Kifunguamimba usome kwa makini: TNF ndiyo kemikali ambayo dawa za sindano za gharama kubwa za baridi yabisi zimetengenezwa kuikamata na kuifunga. Yaani kiambato kinachosifiwa zaidi katika uyoga wa dawa, pale kinapofanya kazi yake vizuri, kinaweza kufungulia bomba lile lile ambalo daktari wa viungo anajitahidi kulifunga.

Najua ulisema hutaki panya, lakini kuna panya wawili ambao sina budi kuwaleta. Wa kwanza: watafiti wanapotaka kumsababishia panya mchochota kwa makusudi ili wajaribu dawa, mojawapo ya vitu wanavyomchoma ni zimosani, ambayo ni ukuta wa seli za hamira wenye beta-glukani nyingi. Kitu kinachouzwa kama kizima moto ndicho sisi tunachokitumia kuwashia. Wa pili wanaugusa ugonjwa wa mama moja kwa moja. Wapo panya nchini Japani waliozaliwa na hitilafu ya kurithi inayowaelekeza kwenye ugonjwa unaofanana na baridi yabisi, lakini wakitunzwa katika mazingira safi sana wanakaa bila kuugua. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya hao wakichomwa beta-glukani viungo vyao huvimba, na kwamba dektini-1 ikizibwa, ugonjwa huzuilika. Walichomwa sindano, hawakulishwa, na panya si mama. Sidai kwamba vidonge vitamrudisha nyuma. Ninachosema ni kwamba kuwaza kwako hakukuwa kwa kijinga hata kidogo.

Upande wa pili wa lebo nao una mizizi yake. Reishi ina ule uchungu unaotokana na viambato viitwavyo triterpeni, na hivi, tofauti na beta-glukani zinazotolewa kwa maji ya moto, huyeyuka kwenye pombe. Vikiwekwa kwenye seli ndani ya maabara hupunguza ishara za mchochota. Kodisepsi ina kodisepsini, iliyotambuliwa mwaka 1950, ambayo ina umbo linalokaribia kabisa mojawapo ya herufi za maumbile, hivyo huidanganya seli inapotengeneza ujumbe wa kijeni. Kwa hiyo ahadi mbili za lebo zinatoka kwenye viambato tofauti, vinavyotolewa kwa njia tofauti, na vikisagwa pamoja kuwa unga hakuna ajuaye upande upi utashinda kwa mtu fulani.

Jambo moja la pembeni ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: jamaa ya kuvu wanaokua ndani ya wadudu, ambamo kodisepsi anatoka, imekwisha kutupa dawa mbili za hospitali zilizothibitishwa kikamilifu, na zote mbili zinaishusha kinga. Siklosporini, iliyobadilisha upandikizaji wa figo katika miaka ya 1980, inatoka kwa kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norwei ambaye baadaye iligundulika kwamba ni sura nyingine ya kuvu anayeshambulia mabuu ya mbawakawa. Fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi anuwai, ilibuniwa kutokana na kiambato cha kuvu mwingine wa ukoo huo. Anayeuza kodisepsi kama kiongeza kinga angeshangaa kuwajua ndugu zake.

Mkulima wa Uyoga:

Nianze kwa kukiri maslahi yangu: ninalima uyoga na kuuuza, kwa hiyo mnisikilize mkilijua hilo. Pia ninakubaliana na waliotangulia kwamba mama aache kopo. Lakini naona mnajadili reishi, chaga na kodisepsi kana kwamba mna uhakika vimo ndani ya kopo hilo.

Uyoga tunaouona, wenye kofia na mguu, ni tunda tu. Mwili wake halisi ni nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya gogo au udongo. Watengenezaji wengi wa vidonge hawangoji tunda lichipue, kwa sababu huchukua muda mrefu. Huotesha nyuzi kwenye nafaka iliyochemshwa, kisha hukausha na kusaga kila kitu kwa pamoja, nafaka ikiwemo. Unga unaotokea una wanga mwingi. Halafu lebo huandika kwa herufi nene "polisakaridi", yaani sukari changamano, na asilimia ya kutamanisha. Wanga wa nafaka nao ni polisakaridi! Kama lebo haitaji beta-glukani peke yake kwa jina na kiasi, asilimia hiyo haina maana. Mtu mwenye tone la iodini anaweza kujionea mwenyewe: unga wenye wanga mwingi ukikorogwa kwenye maji na kudondoshewa iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kuwa kama nyeusi, ingawa wanga huo unaweza pia kuwa umetokana na kijazio cha kidonge.

Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyochunguza mafungu 19 ya bidhaa za reishi zilizonunuliwa Marekani, na ni matano tu ambayo yaliyomo yalilingana na lebo. Matano kati ya kumi na tisa.

Na hata kama uyoga ni wa kweli, ukuta wa seli zake una kaitini, ambayo ni dutu ngumu inayofanana na iliyoko kwenye maganda ya wadudu, na tumbo letu haliimudu vizuri. Ndiyo sababu waliotumia reishi tangu kale waliichemsha kwa muda mrefu na kunywa maji yake, hawakuisaga mbichi.

Ninachomshauri mama ni kula uyoga wa kawaida kama mboga, uliopikwa ukaiva. Utampa nyuzinyuzi, na utampa ergothioneini, kiambato kilichogunduliwa mwaka 1909 ambacho uyoga unacho kwa wingi kuliko karibu chakula kingine chochote. Seli zetu zina mlango maalumu wa kukiingiza, uliotambuliwa mwaka 2005, na sidhani mwili ungejitengenezea mlango kwa kitu usichokihitaji. Ukiuanika uyoga juani, hutengeneza pia vitamini D. Na mchochota unashuka kweli: Chuo Kikuu cha Florida kiliwapa watu 52 gramu 5 au 10 za shiitake kavu kila siku kwa wiki nne, na kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda pale mchochota unapokuwepo, kikashuka. Angalizo moja tu, shiitake isiliwe mbichi, maana baadhi ya watu huota vipele vya mistari mgongoni na kifuani kama waliochapwa viboko. Daktari wa Japani alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1977.

Darubini:

Mkulima, umeandika vizuri, na hilo la wanga nitalitumia. Nikurekebishe mahali pamoja. Utafiti huo wa Florida, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu vijana na watu wazima wenye afya, na haukuwa na kundi la kulinganisha lisilokula uyoga. Wote walikula. Kipimo kikishuka baada ya wiki nne, hatuwezi kujua kama ni uyoga, au ni kwamba mtu aliyejiunga na utafiti wa chakula alianza kujitunza. Ni dokezo zuri la kuanzia utafiti mwingine, lakini usilitundike mlangoni kama cheti. Mengine uliyoyasema kuhusu kula uyoga uliopikwa ninakubaliana nayo, na sioni kwa nini mgonjwa wa baridi yabisi azuiwe mboga hiyo. Beta-glukani zinazoliwa hazimeng'enywi na vimeng'enya vyetu. Nyingi huishia kwa bakteria wa utumbo mpana kama nyuzinyuzi nyingine, na sehemu ndogo tu hukutana na seli za kinga kwenye ukuta wa utumbo. Sahani ya mboga na vidonge vya dondoo lililokolezwa, vinavyomezwa kila siku kwa miezi, ni mambo mawili yasiyolingana.

Nimeona kwa Macho Yangu:

Nimesoma yote kwa heshima, ila naona mnaandika kama watu ambao hawajawahi kuumwa. Mimi nina baridi yabisi. Nilianza kutumia reishi miaka minne iliyopita, katika kipindi kibaya kabisa ambacho sikuweza hata kushika kikombe, na ndani ya miezi miwili nilikuwa natembea bila fimbo. Hakuna aliyenilipa niseme hivyo. Tafiti za watu 65 zinaweza kusema zitakavyo, lakini mwili wangu naujua mimi. Msimnyime mama wa watu nafuu kwa sababu ya takwimu.

Mfamasia Mstaafu:

Ndugu yangu, pole kwa maumivu, na nina furaha kwamba unatembea. Siwezi kukubishia ulichokihisi, wala sina sababu ya kukuona mwongo. Lakini umetaja jambo lenye uzito bila kulikusudia: ulianza reishi katika kipindi kibaya kabisa. Baridi yabisi hupanda na kushuka kama mawimbi, na mtu hutafuta dawa mpya wimbi linapokuwa kileleni. Chochote atakachokimeza siku hiyo, kitakachofuata kwa kawaida ni kushuka, na sifa zitakwenda kwa kile kilichokuwa mkononi. Ndiyo maana katika ule utafiti wa Hong Kong wapo waliofikia kiwango cha nafuu ilhali walimeza vidonge visivyo na kitu. Hao nao wangesema wameona kwa macho yao, na wasingekuwa wanadanganya.

Nikuulize mawili tu, na si lazima ujibu hapa. Je, katika miezi ile miwili dawa zako za hospitali zilikuwa zimebadilishwa au kuongezwa? Methotreksati huchukua wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi kumi na mbili, kabla ya kuonyesha kazi yake, na wengi hukata tamaa na kuanza kitu kingine wiki ile ile inapoanza kufanya kazi. Na je, daktari wako anajua kwamba unatumia reishi? Kama hajui, mwambie. Hakuna atakayekunyang'anya, ila vipimo vyako vya ini vinapaswa kusomwa na mtu anayejua yote unayomeza.

Kifunguamimba:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nilimsomea mama majibu yote jana jioni, taratibu. La TNF halikumgusa. La ini na figo lilimfanya anyamaze. Kilichomaliza ubishi ni nafaka ya Mkulima: alicheka sana aliposikia kwamba huenda siku zote hizi amekuwa akimeza unga wa nafaka kwa kuhesabu vidonge.

Hata hivyo amenieleza jambo ambalo sikulijua nilipoandika swali. Alikwisha kuanza kuvitumia. Amemeza vidonge vinne kwa siku kwa muda wa siku 11. Je, aache kwa mpigo au apunguze kidogo kidogo? Na je, kuna dalili zozote za kuangalia? Nimeona pia kwamba ana kidonda kimoja ndani ya shavu, ambacho anasema kimetokana na kujiuma alipokuwa akila.

Mfamasia Mstaafu:

Aache leo, kwa mpigo. Vidonge vya namna hiyo si kama dawa za jamii ya steroidi ambazo lazima zishushwe ngazi kwa ngazi. Methotreksati asiiache wala asibadilishe kipimo kwa uamuzi wake mwenyewe, ila usingoje siku ya kliniki ya kawaida. Mpigie simu daktari wake au muuguzi wa kliniki kabla ya siku ya dozi inayofuata, ueleze kuhusu vidonge na kuhusu hicho kidonda. Yawezekana kabisa amejiuma. Lakini vidonda vya mdomoni ni mojawapo ya dalili za mwanzo za methotreksati kuzidi mwilini, na ni daktari, si mimi wala mama, wa kuamua kama dozi ya wiki hii imezwe au isubiri.

Omba vipimo vya vimeng'enya vya ini, kreatinini kwa ajili ya figo, na hesabu kamili ya seli za damu. Wakati mnasubiri, angalia kama macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa na rangi kama ya chai nzito au unapungua sana, kichefuchefu kisichoisha, homa, vidonda vingine mdomoni, au fizi na ngozi kutoka damu kwa urahisi. Ukiona lolote kati ya hayo, nendeni siku hiyo hiyo. Kopo lenyewe msilitupe. Libebeni, kwa kuwa daktari atataka kuisoma lebo, na namba ya toleo iliyopigwa chini yake inaweza kuhitajika kama tatizo litaonekana.

Kifunguamimba:

Nimepiga simu. Wamesema aje kesho asubuhi kupimwa damu, na dozi ya wiki hii isubiri mpaka majibu yatoke. Kidonda watakiangalia wenyewe. Kopo nimeliweka kwenye mkoba wangu, si wake.